Mluzi wa Seni Katika Spika ya Nyuma

Benchi letu liko Sokomatola, ubavuni mwa kibanda cha fundi redio, mahali ambapo jua la Mbeya hufika likiwa limeshachoka. Mimi huleta jiko la mkaa na birika, wao huleta midomo. Wananiita Bibi Chungu, na wanadai ni kwa sababu ya kahawa. Wakaaji wa kudumu ni watatu. Wa kwanza ni Liberatus, mwenye kibanda, mtu wa Tosamaganga aliyefundishwa kuchomea waya na mapadre. Huyu ni Lehemu. Wa pili ni Ezekia, balozi wa nyumba kumi, tunayemwita Kamati kwa kuwa hata kikohozi chake hukileta kama ajenda. Wa tatu ni Filemoni, Mnyakyusa, dereva wa lori la Zambia, jina lake Tunduma. Lusaka amefika mara nyingi na kila mara amerudi na uongo mpya. Mwaka huo wa sabini na sita, mwezi wa saba, baridi ilipasua midomo ya kila mtu isipokuwa hiyo mitatu. Walikuwa wanabishana juu ya santuri mbili za onyesho moja, na safari hii ubishi wao ulikuwa na mtu ndani yake.

Mtu mwenyewe ni Seni, mtoto wa Nkuba na Mbuke, Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao wakakaa karibu na Ubaruku. Miaka miwili nyuma bendi ya Kipengere Jazz ilipiga ukumbini hapa mjini, Jumamosi na Jumapili. Kampuni ya santuri ikaja na gari lililojaa waya, ikanasa muziki na kelele za watu humo humo. Seni alikuja kucheza, kavaa raizoni mpya, vile viatu vya soli nene. Jumapili alfajiri lori la kwenda Usangu likapinduka mteremkoni na kushika moto. Waliokuwamo walizikwa pamoja, maana hapakuwa na namna ya kujua nani ni nani. Mmoja alisema alimwona Seni akipanda. Mwingine aliokota soli ya raizoni, lakini mwaka ule nusu ya vijana wa Mbeya walikuwa wanatembea juu ya raizoni. Nkuba akataka watu wanyoe nywele, msiba uishe. Mbuke akasema yeye hanyoi kwa ajili ya soli.

Kwa Nkuba mambo hayo si ya nywele tu. Kila mchungaji wa nyumba yake ana mluzi wake mwenyewe, na ng'ombe waliofundishwa kwa mluzi huo hawapigiwi mwingine mpaka watu wamenyoa kwa msiba wa mwenye mluzi. Seni aliacha maksai wawili. Misimu miwili wamekaa wakinenepa, hakuna wa kuwavika nira, na shamba linalimwa kwa jembe la mkono na watu wanaowatazama maksai kwa macho mabaya.

Sasa hizo santuri. Ya kwanza ni ya spika mbili, stirio, ilitoka Nairobi, na jaladani imeandikwa wazi kwamba ni ya Jumamosi usiku. Mji mzima uliijua mpaka ikaanza kukwaruza. Ya pili Tunduma aliileta kutoka Lusaka: onyesho lile lile, lakini limetengenezwa Ulaya kwa spika nne, mbili mbele yako na mbili kisogoni. Yeye huiita kwadro, ndivyo alivyosikia dukani. Jalada lake halisemi siku. Lehemu hakuwa na mashine ya namna hiyo, basi akachukua ya kawaida akaiongezea spika mbili za nyuma, akiunganisha waya kwa mtindo aliofundishwa na fundi mmoja Mzambia. Wiki iliyopita Mbuke alikuwa anapita na kibuyu cha samli kwenda sokoni, mluzi ukatoka kwenye spika ya nyuma, ile ya upande wa mlango. Akaweka kibuyu chini katikati ya njia. Akasema, "Huyo ni Seni," na tangu hapo hakurudi Ubaruku.

Kwenye santuri ya Nairobi mluzi huo hausikiki. Kwa hiyo swali likawa moja. Kama mluzi ni wa Jumapili usiku, Seni alikuwa hai wakati lori limeshakuwa majivu. Kama ni wa Jumamosi, hatuna kitu. Nkuba alikuwa ametuma neno kwamba amechoka kungoja. Ndugu yake alikuja na lori la mchele, na mchana angerudi nalo Ubaruku akiwa na jibu.

— Ni wa Jumapili, alisema Lehemu. Hakuwa anakunywa, alikuwa anakizungusha kikombe tu mkononi. Niliona kwa macho yangu, akasema. Jumamosi waya za nyuma zilikuwa bado zimeviringishwa garini. Jumapili ndiyo wakazitundika kule nyuma ya ukumbi.

— Uliona ukiwa wapi? nikamuuliza.

— Mlangoni.

— Mlangoni kwa ndani au kwa nje?

— Bibi, mlango ni mlango.

— Lakini katika santuri zote mbili mwimbaji anakohoa pale pale, nikasema. Mimi sina elimu ya waya, ila kikohozi nakijua. Mtu hakohoi Jumamosi na Jumapili kwenye neno lile lile.

Lehemu alikuwa amejiandaa kwa hilo. Usiku hakuwa amelala, macho yalikuwa yanasema.

— Ndiyo nilivyogundua. Mbele ni Jumamosi, nyuma ni Jumapili. Wameshona pamoja, kama koti na bitana.

— Kwa hiyo watu wa Jumapili wanaupigia makofi wimbo wa Jumamosi.

— Watu hupiga makofi tu, Bibi. Hawaangalii kalenda.

Kamati akavuta koti, akakohoa ajenda yake.

— Ndugu zangu, mimi naunga mkono. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Ndiyo maana hata spika nzuri ndani yake huwa tupu.

— Wahenga hawakuwa wanasema spika, nikamwambia. Walikuwa wanakusema wewe.

— Nami nina ushahidi. Lete hayo majalada. Tazama hapa, ya Nairobi, bendi wamevaa mashati ya maua. Tazama hapa, ya Ulaya, mashati meupe. Mtu na akili zake anabadili shati lini? Anabadili Jumapili.

— Wewe shati hilo umelivaa tangu Jumatatu ipi?

— Tunajadili bendi, Bibi Chungu. Usilete mambo binafsi mbele ya kikao.

Tunduma alikuwa kimya, na Tunduma akiwa kimya ujue anapakia. Alimeza kahawa yake yote kwa mkupuo, akafuta masharubu.

— Mimi sitaki kuvunja watu moyo, akasema. Lakini jamaa wa duka kule Lusaka aliniambia kitu. Alisema zile kelele za watu huwa si za pale. Wazungu wana kabati la kelele. Wanachukua za mpira, za kanisani, wanazipaka juu ya muziki ili uone watu walikuwa wengi.

Lehemu akageuka polepole.

— Sasa hilo umelileta leo la nini?

— Nasema tu alivyosema.

— Wiki nzima ulikuwa nalo, unalitoa leo lori limeshafika?

— Basi, nalirudisha, akasema Tunduma. Na kweli, mpirani nani atapiga mluzi wa ng'ombe.

Alikuwa amejaribu kucheka, hakuna aliyemsaidia. Nikawajazia vikombe. Lehemu alikuwa na sababu yake ya kuogopa. Ni yeye aliyemwambia Mbuke, mbele ya watu, siku ile ya kibuyu: mama, hiyo sauti ni ya Jumapili, mwanao hakupanda lori. Aliyasema kwa kuwa alitaka kuisifu mashine yake. Maneno ya namna hiyo huwa hayarudi kabatini.

Mbuke akaja akitokea upande wa sokoni. Ni mwanamke mrefu, amejifunga kaniki, anatembea kama mtu aliyebeba kitu kichwani hata kama hakuna kitu. Benchi likasogea lote kwa pamoja kumpa nafasi. Hakukaa benchini. Akakaa kwenye kigoda changu cha pili, karibu na jiko.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, Mama Seni. Umeamkaje?

— Nimeamka. Shemeji amekwisha kuja hapa?

— Bado. Anashusha mchele.

— Basi nipigieni tena kabla hajaja.

Lehemu akaingia kibandani. Mlango na dirisha vilikuwa wazi, tulimwona akiipuliza santuri ya Ulaya, akiishika kwa viganja kama anayebeba mtoto wa mwenzake. Alijua mahali. Upande wa pili, wimbo wa kati, pale magitaa yanaponyamaza na ngoma inabaki peke yake na waimbaji wanaitikiana. Watu walikuwa wanavuma kisogoni, unaona kama wako nyuma ya ukuta. Halafu ukatoka, upande wa mlango. Mfupi, mfupi, kisha mrefu unaoshuka mwishoni kama mtu anayekaa kitako.

Mbuke hakulia. Alikuwa ameinua kidole kimoja kabla haujatoka, akakishusha ulipokwisha.

— Huo ni wa jioni, akasema. Wa kuwarudisha.

— Sasa usiku ndani ya ukumbi alikuwa anarudisha ng'ombe gani? akauliza Tunduma.

— Alikuwa anautumia kutafuta mtu. Hata hapa sokoni, tukipotezana, alinipigia huo. Mimi nilikuwa nasimama tu, ananikuta.

Hapo ndipo wangenyamaza kabisa, wanywe kahawa, waende zao. Lakini watu wa kijiweni wakimwona mtu ana kidonda hukimbilia kukipepea.

— Unaona, akasema Lehemu kutoka dirishani. Alikuwa anatafuta mtu Jumapili. Maana lori lilikuwa limemwacha. Mtu aliyeachwa na lori ndiye anayetafuta wenzake.

— Sawasawa kabisa, akasema Kamati. Na mimi nitaongeza. Kwa nini ile ya Nairobi haina mluzi? Waliufuta. Mluzi usiku ni ishara. Walanguzi wanapigiana mluzi, wezi wanapigiana mluzi. Ofisi fulani ikasema, hapo toa. Wale wa Ulaya hawakupata hiyo amri.

— Ofisi gani? nikamuuliza.

— Fulani. Siwezi kuitaja kwenye benchi.

— Kwa hiyo aliyepiga mluzi walimfanyaje? akauliza Mbuke.

Kamati hakuwa amefika huko. Nadharia yake ilikuwa imesimama mlangoni bila viatu.

— Hawakumfanya kitu, mama. Alikwenda zake.

— Wapi?

Tunduma ndiye aliyeokota.

— Makongolosi, akasema.

Nilimwona anavyolikuta jina lenyewe pale pale mdomoni, kama mtu anayepapasa mfukoni akakuta peremende.

— Kijana akikosa lori la kwao na ana viatu vizuri, anakwenda wapi? Chunya, kwenye dhahabu. Wapo wengi kule, Wasukuma. Wanachimba, wanaficha majina. Mwaka wa kwanza hupati kitu. Wa pili unapata kidogo, unaona aibu kurudi na kidogo. Wa tatu ndiyo unarudi.

— Huu ni wa tatu, akasema Mbuke.

— Unakwenda kwenye wa tatu, ndiyo.

— Na wengine huweka jino la dhahabu, akasema Lehemu. Ili wasinyang'anywe.

— Kabisa, akasema Kamati. Na atakuwa na nyumba ya bati. Mimi naona hata hiyo mashine ya fundi si bure. Spika mbili ni masikio mawili, kila mtu anayo. Spika nne ni masikio ambayo hatuna. Huenda ule mluzi haumo kabisa kwenye santuri. Huenda anapiga sasa hivi, huko huko, na mashine inamdaka kama redio inavyodaka Dar es Salaam.

— Basi zima mashine tusikie, nikasema.

Nilikuwa namtazama Mbuke. Mimi nimeona watu wakinywa pombe, nimeona watu wakinywa dawa, lakini sijaona mtu akinywa maneno namna ile. Kikombe chake kilikuwa kimepoa mkononi.

— Amekonda? akauliza.

Alimuuliza Tunduma. Na Tunduma, ambaye kule mpakani huwadanganya maofisa wa nchi mbili kwa wakati mmoja, akatazama raba zake.

— Tunduma, nikasema, mwambie mama kwamba hujamwona mtu.

— Sijasema nimemwona, Bibi. Nasema yuko.

— Mama Seni, usikate tamaa, akaingilia Kamati. Wahenga walisema, mfa maji haachi kutapatapa.

— Kamati.

— Naam.

— Kunywa kahawa.

Akanywa. Kule barabarani honi ya lori ikapigwa, ndefu, na wote wanne wakashtuka kama watu waliofumaniwa. Lori lilikuwa limemaliza kushusha. Muda si mrefu Budeba akatokea, mdogo wake Nkuba, mtu mfupi wa mabega mapana, pumba za mchele zimemkaa kwenye nyusi. Hakuwa amewahi kufika benchini kwetu. Akanisalimia kwanza mimi, kisha wanaume, kisha akamwinamia Mbuke.

— Shikamoo mayu, mama yangu. Habari za hapa, wazee. Shemeji, nimekuja.

— Karibu, shemeji. Kaa.

Akakaa mwisho wa benchi, mikono magotini. Nikampa kahawa. Akaionja, akanitazama, akaionja tena kwa heshima.

— Kaka anasema niulize neno moja tu, akasema. Anyoe au asinyoe? Wale maksai wamekuwa wanene, ila hawana kazi. Mvua zikija tena hivi, itakuwaje.

Basi wakamwangukia wote watatu. Lehemu akampa koti na bitana. Kamati akampa mashati meupe na ile ofisi fulani. Tunduma akampa Makongolosi, lakini safari hii kwa sauti ya chini, bila jino la dhahabu. Wakamwingiza kibandani wakamwonyesha spika moja moja, wakampigia mluzi tena. Budeba aliposikia akavua kofia.

— Ni yeye, akasema. Hakuna mwingine anashusha hivyo.

— Na ni wa Jumapili, akasema Lehemu.

— Mimi Jumapili sijui. Hii kitu siijui kabisa. Akageuka, akaona mashine ya pili pale pembeni, yenye spika mbili, na santuri ya Nairobi juu yake. Na hii?

— Hiyo ya zamani. Ya Jumamosi. Hiyo haina mluzi.

— Mnaipigia wapi?

— Humo humo ilimo. Mashine yake ni hiyo.

Budeba akafikiri. Mtu akiwa na ng'ombe wengi huwa hafikiri haraka, hana sababu.

— Mmeshaipiga kwenye hii ya spika nne?

Sasa sikilizeni. Wiki nzima tulikaa pale. Mdomo wa Kamati haukupoa, mimi nilichoma magunia ya mkaa, watu walitoka hata Mwanjelwa kuja kubisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo. Nami nimo.

— Haiwezekani, akasema Lehemu.

— Kwa nini?

— Santuri ya spika mbili ukiipigia kwenye nne inaunguza mashine.

— Nani alikwambia?

Lehemu alimtazama Tunduma, Tunduma akamtazama Kamati, Kamati akatafuta methali asiipate. Kibandani humo palikuwa na harufu ya lehemu na vumbi la moto, na ile santuri ya Ulaya ilikuwa imefika mwisho, sindano inakwaruza bure, kwaru, kwaru.

— Mimi nauliza tu, akasema Budeba. Kwetu ukitaka kujua kama ng'ombe hawa ni wale wale, unawapitisha kwenye mlango mmoja. Ukiwapitisha huyu huku na yule kule, mtabishana mpaka giza.

— Itaungua, akasema Lehemu, lakini sauti haikuwa ya mashine. Mama Seni, si lazima. Tunajua tunachojua. Mwambie Nkuba angoje kidogo. Mimi nitakwenda Makongolosi mwenyewe nikaulize.

— Tutakwenda wote, akasema Tunduma. Nina lori.

— Kikao kitatuma wajumbe, akasema Kamati.

Mbuke alikuwa amesimama mlangoni, amekiacha kikombe changu kwenye kigoda. Alikuwa amewasikia wote. Akatazama zile spika mbili za nyuma, moja baada ya nyingine.

— Ipige, akasema.

— Mama.

— Fundi, ipige.

Lehemu akaitoa ile ya Ulaya. Akaiinua ya Nairobi, ile iliyokwaruzwa, ambayo tuliichezea harusini na ubatizoni bila kuijali. Aliifuta kwa mkono wa shati muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akaweka sindano. Mashine haikuungua. Ningekuwa mtu wa kuomba, ningeomba iungue.

Magitaa yalikuja mbele, dhaifu kidogo, na nyuma watu wakaanza kuvuma kisogoni kama wako nyuma ya ukuta. Nilimwona Lehemu anavyoelewa. Watu hao hawakuwahi kusikika namna hiyo kwenye mashine ya zamani. Akashika ukingo wa meza. Mwimbaji akakohoa pale pale pake. Tunduma alikuwa anahesabu nyufa za sakafu. Kamati amekunja mikono kifuani, midomo inatikisika. Budeba ameshika kofia mbele yake kama yuko kanisani, na mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi, sijui nilikuwa naenda kumjazia nani.

Magitaa yakanyamaza. Ngoma ikabaki peke yake. Mbuke akainua kidole.

Mfupi, mfupi, kisha mrefu unaoshuka. Kutoka nyuma, upande wa mlango.

Kidole kikashuka.

Lehemu aliiacha ikaendelea, hakuwa na mkono wa kuizima. Alisema huku anatazama waya zake, si watu.

— Ni nilivyofunga hizi za nyuma. Kinacholia sawa mbele kulia na kushoto hakifiki huku. Waimbaji wako katikati, wanafutika. Linabaki la pembeni. Ulikuwemo humu, kwenye ya Jumamosi, siku zote. Tulikuwa hatuusikii kwa sababu ya waimbaji.

Mbuke akasogea mpaka kwenye spika ile ya upande wa mlango, akaweka kiganja juu ya sanduku lake la mbao, bila kuliegemea. Alingoja wimbo uishe. Makofi yalipoanza akaondoa mkono.

— Alikuwa anamtafuta nani, akasema, na halikuwa swali kwa yeyote. Mimi Jumamosi nilikuwa nyumbani.

Kisha akamgeukia shemeji yake.

— Mwambie kaka yako anyoe. Na mimi naja na wewe hilo hilo lori, nisije nikabadilika njiani. Wale ng'ombe mdogo wake Seni awaanzishie mluzi wake mwenyewe. Wakikataa asiwapige. Watakataa kwanza.

— Ndiyo, shemeji, akasema Budeba.

Mbuke akanishukuru kwa kahawa ambayo hakuinywa. Akamwambia Lehemu asante, fundi, na Lehemu akaitikia kama mtu aliyepigwa kofi kwa adabu. Wakaondoka, yeye mbele, Budeba nyuma na kofia mkononi. Honi haikupigwa tena. Tulisikia tu injini, halafu hatukuisikia.

Tukarudi benchini. Nilidhani safari hii watakaa kimya. Tunduma akasukuma kikombe chake kwangu. Kamati akavuta koti, akakohoa.

— Lakini ndugu zangu, akasema, tujiulize. Mtu anaweza kupiga mluzi Jumamosi, asipande lori Jumapili. Huo mluzi haujasema kwamba alipanda. Kwa hiyo bado kuna uwezekano kwamba...

— Na ile soli, akasema Tunduma, akiinuka kidogo, ile soli ilikuwa ya mguu gani?

Lehemu akainua kichwa.

— Kahawa imekwisha, nikawaambia.

Nikamwagia jiko maji, nikalichukua birika. Lilikuwa bado na kahawa nusu.